Tupeane uzoefu: ukikaa porini siku nyingi, usafi unaufanyaje?

Mpitanjia
Wakuu, habari za saa hizi. Kuwasha moto na kujenga kibanda tumeshajadili mpaka basi. Leo tuje kwenye yale ambayo watu wanayaonea aibu: kuoga, kunawa, kujisaidia, nguo za ndani. Kila mtu anaogopa chui, lakini niliowaona wakibebwa kutoka porini walikuwa wanaharisha.

Naanza mimi. Kuna safari kundi zima tuliumwa tumbo isipokuwa mzee mmoja. Maji tulichemsha, tukanywa wote sufuria moja, kwa hiyo maji nayatoa kwenye lawama. Ila mzee hakutia mkono kwenye mfuko wa vitafunwa hata siku moja. Alikinga kiganja akamiminiwa. Sisi wengine tulikuwa tukitoka vichakani tunachovya humo humo. Siku hizi kwenye kundi langu ni sheria: chakula cha pamoja kinamiminwa, na mpishi ananawa kwa sabuni mbele ya watu. Atakayenuna na anune.

Haya, mwageni yenu.

Bi Mkoba
Umenena. Ile dawa ya mikono ya spiriti nayo inaaminiwa kupita kiasi. Mkono ukiwa na tope au mafuta haifanyi kazi sawasawa, na norovirusi, ambayo ni bingwa wa kuharisha na kutapika, haiimalizi. Sabuni na maji vinamuondoa mdudu hata kama havimuui.

Maji yakiwa haba natengeneza kibuyu chirizi cha chupa ya plastiki: natoboa tundu dogo karibu na kitako, naitundika kwenye tawi. Kifuniko kikikazwa maji yanakata, kikilegezwa yanachuruzika. Chupa moja inanawisha watu wengi kuliko mnavyodhani.

Buti Pana
Mimi ni miguu tu. Mikono mtanawa, meno mtapiga mswaki, miguu hamuikumbuki mpaka igome.

Nimetembea na vijana kwenye mvua iliyonyesha mfululizo, tope juu ya kifundo. Mmoja alikuwa analala na buti, anasema akizivua asubuhi zitakuwa za baridi. Ngozi ya nyayo ikawa nyeupe, imekunjamana, ikafuata ganzi. Ganzi yenyewe aliifurahia, maana malengelenge hayakuuma tena! Tulipomkausha na kumpa joto ndipo miguu ikavimba na kuwaka moto, mtu mzima analia. Si lazima kuwe na barafu. Ubaridi wa kawaida na unyevu wa muda mrefu vinatosha kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu.

Kwa hiyo nina soksi za kulalia. Hizo mchana haziguswi hata mbingu zianguke. Jioni navua buti, nafuta mpaka katikati ya vidole, naiacha miguu ipate hewa, kisha navaa kavu. Zile mbichi nazikamua na kuziweka kifuani ndani ya shati ili joto la mwili lizikaushe. Asubuhi kama bado mbichi, navaa hizo hizo mbichi. Inakera kweli, lakini ukizilowesha za usiku umebaki huna kitu.

Kobe Mpole
Kwa hiyo hapo kuoga hakupo kabisa? 😂

Buti Pana
Kopo moja la maji, mkuu. Uso, kwapa, kinena, miguu, kwa mpangilio huo. Mgongo utasubiri.

Dada wa Njiani
Kaka zangu mmejisahau, porini na sisi tupo. Hedhi haiahirishi safari. Pedi zilizotumika nazifunga kwenye mfuko usioonyesha ndani, narudi nazo. Ukizifukia wanyama wanafukua. Anayetumia kikombe cha hedhi anawe kwa sabuni kabla ya kukigusa, si baada tu.

Na nguo za ndani zianikwe juani jamani. Tukizificha chini ya nguo nyingine kwa aibu hazikauki, halafu fangasi wakianza tunashangaa. Porini nani anakuangalia, nyani?

Mpitanjia
Dada, hilo la nguo linatuhusu hata sisi. Mwenye uzoefu wa choo?

Jembe Dogo
Shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na maji si chini ya mita 60, fukia. Koleo dogo libebwe na kila mtu. Sabuni nayo isiingie mtoni hata kama imeandikwa ni rafiki wa mazingira. Chota maji, kaogee mbali.

Kobe Mpole
Mimi naingia ziwani tu, nikitoka najisugua taulo haraka.

Bi Mkoba
Kama ni eneo la kichocho, taulo usilitegemee kukukinga, mdogo wangu. Vimelea vinatoka kwa konokono wa maji baridi na vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Chota maji, yachemshe dakika moja yapoe, au yaweke kwenye chombo siku mbili bila konokono ndani, vimelea vitakuwa vimekufa. Hayo ya kuoga lakini. Ya kunywa ni kuchemsha mpaka yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 fanya tatu.

Mzee wa Moto
Kupe je? Mimi namgusisha kijinga cha moto, anaachia mwenyewe.

Dada wa Njiani
Hapana, mzee wangu. Ukimchoma au kumpaka mafuta anaweza kutema mate zaidi ndani ya kidonda. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, kisha osha. Na nyie mkaguane miili kila jioni: nyuma ya masikio, kwapa, kinena, nyuma ya magoti.

Mzee wa Moto
Nimekuelewa binti yangu. Na huyo aliyekwisha kuharisha mnampa nini?

Bi Mkoba
Lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi unamuumiza. Anywe kidogo kidogo hata akitapika, subiri dakika kama kumi uanze tena. Akiona damu, akipata homa kali au akiacha kukojoa, safari imeishia hapo, mtoeni.