Shafti 12 za chuma laini: kipenyo hakitoki sawa na nyuzi za M20 zinachanika

Nondo_Temeke:
Wakuu, habari za jioni. Nasoma teknolojia ya uzalishaji viwandani, chuo kimoja hapa Dar. Kazi ya vitendo ni kukereza kwa mashine ya lezi shafti 12 zinazofanana kutoka chuma laini cha mviringo cha 30 mm. Mwili ni kipenyo cha 25 mm kwa urefu wa 150 mm, mchoro unaruhusu 24.95 hadi 25.00. Mbele kuna nyuzi za skrubu za M20 × 2.5 (kipenyo 20 mm, njia hadi njia 2.5 mm) kwa urefu wa 35 mm. Tuli (visu vya kukatia) ni za HSS, yaani chuma cha kasi. Ya kwanza imetoka 25.00 karibu na chaki (kishikio kinachozungusha shafti) na 25.08 upande wa telistoki (kichwa cha nyuma kinachoegemeza ncha ya pili), na nyuzi zimechanika, zina mikwaruzo kama zimeng'olewa. Tatizo ni mashine au ni namna ya kufunga?

Geji_ya_Saa:
Mkuu, kwenye kipenyo anza na telistoki. Unene ukizidi upande wake, ujue senta (ncha ya telistoki inayoshikilia shafti) imesogea nyuma, yaani mbali na wewe unayesimama mbele ya mashine. Tofauti ya 0.08 ni ya kipenyo, kwa hiyo kwenye nusu kipenyo ni 0.04. Ila hiyo umeipima kwa 150 mm, na senta iko mbele zaidi, tuseme 190 mm kutoka chaki. Piga 0.04 ÷ 150 × 190, unapata 0.05 mm hivi. Ndicho kiasi cha kuivuta telistoki kuja kwako. Usikisie kwa jicho: weka geji ya saa igusane na ubavu wa kifuko cha telistoki (bomba linalobeba senta), legeza skrubu ya upande mmoja, kaza ya upande wa pili, soma geji, funga telistoki kwenye kitanda (reli za mashine), kisha soma tena, maana wakati wa kufunga huwa inahama.

Ingekuwa nene upande wa chaki ningekwambia mengine. Mashine za vyuoni kitanda huliwa karibu na chaki kwa sababu kazi nyingi fupi hukatwa pale. Tuli ikifika hapo inashuka na kurudi nyuma kidogo, unene unaongezeka, na hilo telistoki haiponyi. Ukiona nene katikati na nyembamba pande zote, shafti inapinda kwa msukumo wa tuli: punguza kina cha mwisho, noa tuli.

Bi_Spana:
Kabla ya nyuzi, angalia mzunguko. HSS kwenye chuma laini chukua mita 25 kwa dakika: 1000 × 25 ÷ (3.14 × 25) ni karibu mizunguko 320 kwa dakika. Hiyo ni ya kukereza mwili. Kwenye nyuzi shuka mpaka 60 au 80, la sivyo hutawahi kutoa tuli mwishoni.

Kereza sehemu ya nyuzi iwe 19.8, usiiache 20 kamili, kwa sababu chuma hufura kidogo kwenye vilele unapokata. Palipo na bega chonga mfereji wa kutokea tuli, upana 6 mm, kipenyo 16.4. Tuli iwe na pembe ya digrii 60 kamili, ncha iwe kimo cha senta, na uilinganishe kwa geji ya pembe, si kwa macho. Pitisho la kwanza liwe la kukwaruza tu, 0.05 mm, kisha weka rula: njia 10 lazima ziwe 25 mm. Gia zikiwa zimepangwa vibaya utajua hapo, chuma kikiwa bado kizima.

Kuchanika kwako nadhani kunatokana na kuingiza tuli moja kwa moja, pande zote mbili zikikata na vipande vikigongana. Geuza slaidi ya juu (ile ndogo inayobeba tuli) digrii 29.5 uingizie huko. Kina cha M20 ni 1.53 mm, ila ukiingiza kwa mshazari slaidi itasoma 1.76. Ingiza kidogo kidogo hadi ufike hapo: mapito ya kwanza 0.25, yanayofuata 0.2, kisha 0.15, malizia na 0.05 mara mbili. Mafuta ya kukatia halisi, usitegemee yale ya kuchanganya na maji.

Mzee_Lezi:
Bi Spana yuko sahihi, lakini ongeza tahadhari moja. Kuna mashine sifuri ya slaidi ya juu iko sambamba na kitanda. Hapo ukisoma digrii 29.5 umekosea kabisa, inatakiwa 60.5. Wanafunzi wengi wanaharibu nyuzi hapa.

Halafu nati isikudanganye. Ile iliyochovywa kwenye zinki imekatwa pana kwa makusudi, inaingia hata nyuzi ikiwa nene. Tumia geji ya pete, au nati nyeusi isiyochovywa.

Nondo_Temeke:
Nimewaelewa, shikamoo Mzee. Umeme ukikatika tuli ikiwa ndani ya njia? Na zile 11 zilizobaki nizipange vipi?

Mzee_Lezi:
Marahaba. Usifungue wenzo wa nati inayoshika skrubu kuu (ile inayovuta tuli wakati wa kukata nyuzi). Kama skrubu yako ni ya 6 mm, 6 ukigawa kwa 2.5 ni 2.4, si namba kamili, kwa hiyo ukifungua ovyo unaweza kuingia njia nyingine. Katika kazi hii wenzo unabaki umefungwa muda wote, unatoa tuli kwa slaidi ya kati, ndipo unarudisha mota kinyume. Umeme ukikata, zima swichi kwanza, zungusha chaki kwa mkono kurudi nyuma kidogo, kisha toa tuli.

Zile 11: usimalize moja moja. Piga uso na senta zote, kisha kereza mwili zote ukiwa umefunga kizuizi kwenye kitanda, kisha mifereji, mwisho nyuzi zote. Tuli ya nyuzi ukiipanga mara moja inabaki hapo hapo. Pima kila shafti ya tatu kwa mikromita ikiwa imepoa, maana ikiwa ya moto itasoma kubwa kuliko ilivyo.