Naomba ushauri: kutoa trei ya betri nyumbani, bolti zimeshika kutu

Mkazi wa Mikindani
Habari za jioni wakuu. Nina gari, Toyota Noah, nakaa jirani kabisa na bahari. Chini ya betri pameota unga mweupe wenye ukijani, na trei imeanza kutoboka. Nataka niitoe mwenyewe, niikwangue na kuipiga rangi kabla kutu haijahamia kwenye bodi. Watoto wanacheza hapo uani, kwa hiyo usalama ndio naulizia zaidi.

Fundi Lindi
Mkuu, watoto waingie ndani kwanza. Zima gari, chomoa ufunguo, vua saa na pete. Fungua waya wa hasi ndipo ufungue chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga shoti, na betri inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja tu. Sigara nayo iwe mbali. Vichwa vya waya vivishe kipande cha tyubu visije vikagusa kitu. Betri inyanyue ikiwa wima, ukiilaza tindikali inamwagika.

Huo unga usiukwangue ukiwa mkavu. Vaa glavu za mpira na miwani, koroga magadi ya kupikia kwenye maji, umwagie. Litatoka povu, endelea mpaka povu liishe, kisha suuza. Betri yenyewe usiimwagie, magadi yakiingia ndani yanaiharibu.

Dada wa Shangani
Weka ndoo ya maji safi karibu. Tindikali ikiruka jichoni, suuza palepale kwa dakika 15 au zaidi, halafu hospitali, hata kama maumivu yametulia. Na kabla hujavuta trei, pitisha mkono chini yake: mara nyingi kuna waya zimebanwa hapo kwa klipu.

Mkazi wa Mikindani
Asanteni sana. Imebaki bolti moja ya nyuma, imegoma kabisa.

Fundi Lindi
Usiilazimishe, itakatika. Pulizia dawa ya kutu, iache ilale mpaka kesho, kisha izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma. Rangi ikikauka, rudisha betri ukianza na chanya, hasi mwisho.

Ila kaka, usilaumu chumvi ya bahari peke yake. Unga ule ni wa tindikali. Injini ikiunguruma, pima chaji kwenye betri: ikipita volti 15, altaneta inachaji kupita kiasi na betri inatema tindikali. Hilo lisiporekebishwa, rangi mpya nayo italiwa.

Mkazi wa Mikindani
Kesho naazima mita kwa jirani, nitaleta majibu hapa.