Mjadala: Vichochoro vya Nyalenda na Manyatta, vifunguliwe kwanza au viwekwe lami kwanza?

Katikati ya Kisumu mitaa inakatizana, njia moja ikizibwa unapita ya pili. Ukivuka Ring Road kuingia Nyalenda, vichochoro vingi vinaishia kwenye mabati ya mtu. Pesa za kaunti zikipatikana, tuanzie wapi?

Mpangaji miji: Kufungua. Tuseme nyumba iko mita 90 kutoka steji, lakini ukuta unakulazimisha kuzunguka mita 540. Kwa mwendo wa mita 80 kwa dakika, safari ya dakika moja imekuwa karibu saba, na mama aliyebeba mtungi anaihisi kila hatua. Lami haifupishi huo mzunguko hata kidogo.

Mwenye ploti, Manyatta: Hii ni ardhi ya hatimiliki, iliyogawanywa baba kwa mwana, si ya serikali. Ibara ya 40 ya Katiba inataka fidia. Na njia ikipenya, boda zitapita kasi mlangoni na wezi watapata pa kutorokea.

Mpangaji miji: Mzee, hoja ya fidia ni ya haki, naiunga mkono. Lakini hatuhitaji barabara, tunahitaji mita 2 mpakani, kila jirani atoe 1, na haki ya kupita iandikwe kwenye hati zote mbili. Makubaliano ya mdomo hufa ploti ikiuzwa. Kuhusu boda, weka fensi mbili fupi zinazopishana.

Mwenye kiti cha magurudumu: Fensi hizo mkizibana, mtanifungia mimi pamoja na boda. Acheni angalau sentimita 90 wazi, na nafasi ya kugeuka kati yake.

Fundi wa barabara: Msisahau udongo. Huku ni mfinyanzi mweusi: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, na kabro (matofali ya zege ya kulaza njiani badala ya lami) iliyolazwa juu yake inainuka msimu wa kwanza tu. Chimba sentimita 30 utoe mfinyanzi, jaza murramu kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe, kisha mchanga sentimita 5, ndipo kabro. Ukingo wa zege pande zote, la sivyo kabro zinatawanyika. Mtaro utangulie, ufunikwe kwa slebu zinazoinulika. Mtaro wazi unameza nusu ya njia.

Mwenye ploti, Manyatta: Mita 1 naweza kutoa. Lakini choo changu kimesimama hapo hapo mpakani. Nani analipa kukihamisha?

Mpangaji miji: Mradi. Kiingizwe kwenye bajeti kabla ukuta haujaguswa.