Ohio hadi Pasifiki na binti nyuma ya pikipiki: nishaurini

Kutoka: Baba wa Ohio

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Binti yangu ametimiza miaka 15 na shule zinafungwa karibuni. Nina pikipiki ya cc 1000, leseni yangu ina M (ruhusa ya pikipiki), na nimeendesha misimu mitatu bila mkwaruzo. Nataka tutoke hapa mpaka San Francisco na kurudi kwa siku 16. Mama yake hana neno, mradi nimrudishe mzima. Aliyewahi kusafiri hivi na mtoto aniambie nibebe nini, na makaratasi gani yanatakiwa. Mimi nina grini kadi (ukazi wa kudumu), mtoto ana pasi ya Marekani.

Kutoka: Mama wa Minnesota

Marahaba kaka. Kabla hujabeba chochote, gawanya kwanza. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 8,000. Kwa siku 16 ni kilomita 500 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna siku ya kufua hata soksi. Wewe utaweza kwa sababu umeshika usukani na unaisoma barabara. Aliye nyuma hana kazi ya kumshughulisha; anahesabu nguzo tu.

Nayasema haya kwa kuwa niliyafanya. Kijana wangu alikuwa na miaka 14. Siku ya kwanza nikamtoa Minneapolis mpaka Chamberlain, kando ya mto Missouri, kilomita kama 600 na nyingi zimenyooka kama rula. Nikajiona hodari. Tulipofika alishuka, akakaa ukingoni mwa maegesho na helmeti yake kichwani. Nikadhani amenuna, na nikaanza kumsema. Kumbe vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kung'ang'ania vishikio vya nyuma, hawezi kufungua mkanda wa kidevuni. Njia nzima hakulalamika. Baadaye aliniambia aliona aibu kusema amechoka wakati yeye "amekaa tu".

Kuanzia hapo tukapatana kwamba mwenye kusema tusimame ni yeye, na haulizwi sababu. Tukashuka hadi kilomita 300 au 350 kwa siku. Badlands, hifadhi ya taifa ya South Dakota, ambayo nilipanga tuipite mchana mmoja, tulilala siku mbili.

Nunueni vizibo vya masikio, nyote wawili. Kwa mwendo wa barabara kuu, kelele za upepo ndani ya helmeti hukaribia desibeli 100, hata kama helmeti ni ya bei mbaya. Sisi tulidhani kinachotuchosha ni kiti.

Intakomu ya helmeti, ile ya kuongea mkiwa njiani, ni nzuri, ila usiinunue kwa matumaini makubwa. Siku mbili za kwanza kijana alisikiliza miziki yake. Siku ya tatu, bila salamu wala utangulizi, akaniuliza kwa nini tulihama. Nikajibu kadiri nilivyoweza. Akauliza la pili, lori likapita, sikulisikia. Nikamwomba alirudie, akasema basi, haikuwa kitu.

Kuhusu sheria: Minnesota, South Dakota, Wyoming na Montana zote zinamtaka aliye chini ya miaka 18 avae helmeti, lakini mtu mzima mwenye leseni kamili wanamwachia mwenyewe. Illinois na Iowa hazina sheria ya helmeti kabisa, na kwa njia yako utazipita zote mbili. Binti ataona wazee wenye ndevu nyeupe wakipita vichwa wazi na atakuuliza. Jibu ulipange ukiwa nyumbani.

Pikipiki yenyewe: fungua kitabu chake utafute uzito wa mwisho inaoruhusiwa kubeba, kisha jumlisha wewe, binti, mabegi na maji. Wengi hapo hunyamaza. Upepo wa tairi la nyuma kwa watu wawili si ule wa mtu mmoja, na shokapu ya nyuma inatakiwa ikazwe. Halafu piga magoti usome tairi ubavuni. Namba inayoanza na herufi DOT inaishia na tarakimu nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Langu lilikuwa na kashata nzuri tu, lakini mpira umekakamaa kwa uzee. Nililibadilisha wiki moja kabla ya kuondoka.

Nguo za baridi zikae juu kabisa kwenye begi, hata kama ni Julai. Beartooth, ile barabara ya milimani, namba 212, kutoka Red Lodge, Montana, inapanda mpaka futi 10,947, zaidi ya mita 3,300. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama sita, na wewe uko kwenye upepo. Chini tulikuwa na makoti ya wavu tukitokwa jasho. Juu kulikuwa na theluji pembeni mwa barabara, na sweta ziko chini ya kila kitu.

Sasa makaratasi, ambako ndiko nilikoumbuka. Tulitaka kutoka hifadhi ya Glacier, Montana, tuingie Kanada kwa mpaka wa Chief Mountain, ambao hufunguliwa msimu wa joto tu. Barua ya ridhaa ya baba yake ninayo, imegongwa muhuri, kwa sababu mtoto akiwa na mzazi mmoja wanaweza kuiuliza. Grini kadi ninayo. Pasi yangu ya kwetu ilikuwa imeisha tangu mwezi wa pili. Mimi nilikuwa na habari za zamani: tangu Aprili 2022 mwenye grini kadi anatakiwa aonyeshe Kanada vyote viwili, kadi na pasi hai ya nchi yake. Askari alikuwa mpole sana, jambo ambalo lilizidi kunitia aibu. Tukageuza. Kijana mwenye pasi yake safi ya Marekani akanisemesha kwenye intakomu: "Mama, mimi naweza kwenda, wewe unisubiri hapa."

Kutoka: Dada wa chumba cha dharura

Mtanisamehe, mimi ni nesi na ninaowaona ni wale ambao safari iliwakatikia njiani.

Buti zifunike vifundo vya miguu. Raba hapana. Jinzi ya kawaida haimalizi hata mita chache juu ya lami.

Lingine hakuna aliyeligusa. Mko kwenye pikipiki moja, kwa hiyo mkianguka mnaanguka wote. Baba akiwa hajitambui, nani anaidhinisha matibabu ya mtoto? Linalohatarisha maisha hospitali italishughulikia bila kungoja, lakini mengine yote yatahitaji sahihi ya mzazi. Mama aandike barua, na namba yake ya simu ikae ndani ya koti la mtoto kwenye karatasi, kwa sababu simu huvunjika.

Pia waulize watu wa bima kwa maandishi kama bima ya pikipiki inamhusu abiria, na kama bima ya afya inavuka jimbo. Nyingine, ukitibiwa nje ya mtandao wao wa hospitali, hulipa dharura tu, ya kesho yake ni juu yako. Kwangu mimi mngeenda na gari, lakini sikuulizwa hilo.

Kutoka: Baba wa Ohio

Asanteni sana. Nimegawanya, nikanyamaza. Kisha nikamwonyesha binti ramani, naye akaniambia San Francisco ni ndoto yangu, yeye hajawahi kuitaja. Anachotaka ni milima na asiamshwe alfajiri. Tunafikiria Blue Ridge Parkway.

Halafu anauliza ashike wapi: vishikio vya nyuma au kiunoni mwangu? Kiunoni anaona haya.

Kutoka: Mama wa Minnesota

Hapo mmechagua. Ni kilomita 755 kutoka Virginia hadi North Carolina, mwendo mwisho maili 45 kwa saa, na malori ya biashara hayaruhusiwi. Juu hakuna kituo cha mafuta, mtashuka kwenye miji ya pembeni, kwa hiyo msingoje taa iwake. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu vibaya upande wa North Carolina. Tazameni kila asubuhi kwenye tovuti ya hifadhi za taifa vipande vipi vimefungwa. Na jioni punguza mwendo, swala hutokea ghafla kiza kikianza.

Kuhusu kushika: kiunoni. Ukifunga breki aegemeze viganja kwenye tangi, asikulalie mgongoni. Kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnakokunja, mwili utafuata wenyewe. Kama anaona haya sana, kuna mkanda wenye vishikio unaoufunga wewe kiunoni, yeye anashika mkanda. Wangu niliununua Rapid City. Aliutumia mpaka kona ya tatu ya Beartooth, kisha nikasikia mikono miwili imenikaba tumboni, na wala hakuna aliyeizungumzia tena.