Tupeane uzoefu: mliokaa kwenye mabaraza ya katiba 2013, maoni yenu mnayakumbuka?

Sanduku la Bati
Wakuu, habari zenu. Juzi tulifungua sanduku la marehemu baba kugawana vitu vyake, arobaini imeshapita. Chini kabisa, chini ya koti, nikakuta Rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania, ile ya kwanza ya Juni 2013, imeviringishwa kwenye gazeti. Mzee alikuwa mjumbe wa baraza la katiba la wilaya, kule wananchi walikotoa maoni juu ya rasimu. Mkulima wa dengu, darasa la saba la zamani. Kitabu kizima amekiandika pembeni kwa kalamu ya bluu. Penye uteuzi wa Rais ameandika: "Huyu mtu mmoja atawajuaje wote hawa?" Nilikaa nacho kitandani hadi usiku wa manane.

Nakumbuka alivyoizungushia duara tarehe 30 Aprili 2015 kwenye kalenda ya ukutani, siku ya kura ya maoni. Tarehe 2 Aprili Tume ya Uchaguzi ikatangaza imeahirishwa, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR haujakamilika. Kalenda aligoma kuishusha. Ilikaa pale mpaka mama alipopaka chokaa 2017.

Mliokuwepo, mlisema nini kwenye yale mabaraza? Na mlijisikiaje ilipoishia hewani?

Nyanya Chungu
Ya kwetu bibi alifungia vitumbua. Leo nasoma hapa roho inaniuma.

Mama Kata
Pole sana mwanangu kwa msiba. Umenirudisha mbali.

Mimi nilikuwa mjumbe. Kijijini tulichaguliwa kwenye mkutano mkuu, watu wakasimama nyuma ya wanaowataka. Majina yakapanda kwa kamati ya maendeleo ya kata kuchujwa, na huko ndiko yalipoanza mambo. Mwalimu mstaafu aliyeongoza kwa kura kijijini jina lake halikurudi. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa mama wewe umepita, shukuru. Nilishukuru. Mpaka leo nikikutana na yule mwalimu namsalimia haraka haraka.

Baraza lenyewe lilikuwa la heshima, nisiseme uongo. Waliotoka kwenye Tume ya Jaji Warioba, iliyoandika rasimu, walikaa mbele, wanaandika, hawabishani na mtu. Mzee mmoja mfugaji alisimama akasema anataka mbunge akiharibu wananchi wamtoe katikati, wasingoje miaka mitano. Ukumbi ulilipuka. Mimi nilisema mbunge asiwe waziri, maana hawezi kumsimamia aliyempa gari. Mikono ilikuwa inatetemeka, sikuwahi kushika maikrofoni.

Rasimu ya pili ilipotoka Desemba ile, binti yangu alinisomea. Yalikuwemo! La yule mzee limo, langu limo, na ukomo wa ubunge vipindi vitatu umo. Nililia jamani. Sikuwahi kuona neno langu kwenye karatasi ya serikali.

Basi Oktoba 2014 Bunge Maalum la Katiba likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Nikamwambia binti tafuta la mzee. Akafunua, akafunua, akasema mama halimo. La mawaziri halimo. Nilimwambia funga. Yule mzee alifariki mwaka uliofuata, sikuwahi kumwambia.

Jembe la Mkono
Mama Kata shikamoo. Hili la mzee mfugaji nalibeba.

Kada Mtiifu
Tuwe wakweli lakini. Katiba Inayopendekezwa ilikuwa na mgombea binafsi, na matokeo ya urais yangehojiwa mahakamani. Leo Ibara ya 41(7) inasema mahakama haigusi matokeo ya urais yakishatangazwa. Mlioikataa ile ya 2014 kwa sababu ya serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano) ndio mmetuacha na ya 1977. Wapinzani waliotoka nje ya Bunge Maalum tarehe 16 Aprili 2014 wangebaki ndani wapigane kwa kura.

Jembe la Mkono
Wangebaki kupiga kura gani na wenzao walikuwa wengi? Jaji Warioba aliwasilisha rasimu tarehe 18 Machi. Siku tatu baadaye Rais akaja kulihutubia Bunge lile lile na kueleza ubaya wa serikali tatu. Baada ya pale mjumbe gani wa chama chake angesimama kuitetea? Hapo ndipo ilipofia. Mambo ya Aprili yalikuwa mazishi tu.

Kada Mtiifu
Rais naye ni raia, ana haki ya maoni.

Jembe la Mkono
Raia anayeteua waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi, jaji, mkuu wa polisi (IGP) na wajumbe wa tume ya uchaguzi. Akisema "maoni yangu" watu wote hao wanasikia amri.

Mtoto wa Wete
Mnazungumzia serikali tatu kama hesabu ya gharama tu. Sisi huku Pemba tulikuwa twasema jambo jengine kabisa, mamlaka yetu. Mie nilikaa barazani, nikasema tunataka Tanganyika irudi na jina lake tujue tunazungumza na nani. Mzee mmoja wa Bara aliyekuja kutembea akanikumbatia nje. Nilidhani tumeelewana nchi nzima.

Kada Mtiifu
Muungano ungevunjika ndani ya mwaka.

Mtoto wa Wete
Ushasema wewe. Sie Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi mzima peke yake, na Muungano ukabaki palepale. Hicho hukukiogopa?

Nyanya Chungu
Jamani mada ni uzoefu, msigeuze Bunge Maalum hapa. Na hatulipwi laki tatu kwa siku.

Fundi Pampu
Nasoma nyuzi hizi kila siku siandiki. Leo neno "amri" limenigusa, naomba niandike, mnisamehe kwa urefu.

Septemba 2017, wiki ya mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kulikuwa na mradi wa kisima, wananchi wamechanga, nguzo za tangi zimesimama mwaka na nusu hakuna tangi. Mkuu wa wilaya akaja mkutano wa hadhara. Walipofika maswali nikanyoosha mkono. Niliuliza kwa adabu, nilianza na shikamoo mheshimiwa. Nikasema tunaomba tusomewe mapato na matumizi ya kisima.

Akaniuliza jina. Nikataja. Akauliza, wewe nani amekutuma? Nikasema hawa waliokaa hapa. Watu wakapiga makofi, na nadhani makofi ndiyo yaliniponza. Akamgeukia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya: "Huyu akalale ndani saa arobaini na nane, akili imrudi."

Nilipandishwa nyuma ya Land Cruiser mbele ya watoto wa shule waliokuwa wameletwa kuimba. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, kwenye kwaya. Anafanya mtihani kesho yake. Sikutaka anione nikiogopa, nikamwonyesha dole gumba, na lile dole nalijutia, kwa sababu alidhani natania, akacheka. Halafu gari likaondoka akaacha kucheka.

Kituoni askari wa kaunta alikuwa kijana, ananifahamu, nilimtengenezea pampu ya mama yake. Akafungua kitabu. Jina. Umri. Kabila. Kosa? Akamtazama aliyenileta. Yule akasema, "Andika amri ya DC." Kijana akasema afande, kosa lake nini? "Nimeshakuambia." Basi pale penye kosa akaandika neno moja, AMRI. Nililisoma kichwa chini juu. Mpaka leo nikiandika neno hilo mkono unakuwa mzito.

Tulikuwa tisa chumba cha watu wanne. Asubuhi nikaitwa dirishani, ni binti. Amevaa sare, kalamu mbili na rula mkononi, na kibakuli cha uji. Mama yake alikuwa ametumwa huku na huku kutafuta mdhamini, kumbe dhamana haipo maana kosa halipo. Mtoto ametembea kilomita nne kuniletea uji na mtihani unaanza saa mbili. Nikamwambia kimbia. Hakukimbia. Akauliza, baba umeiba? Nikasema hapana. Akauliza, sasa wamekuweka kwa nini? Sikuwa na jibu la kumpa mtoto anayekwenda kwenye mtihani.

Siku ya tatu asubuhi nikatolewa. Hakuna karatasi, hakuna mahakama. Nikaambiwa nenda, mkuu amekusamehe.

Mama Kata
Ee Mungu wangu. Pole baba. Pole sana.

Konda wa Zamani
Nilikuwa na langu la kusimulia, nimelifuta.

Nyanya Chungu
Fundi, binti alifaulu? Usituache hivyo.

Wakili wa Mtaani
Mkuu Fundi, pole. Kwa faida ya wengine: hizo saa 48 zimo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Lakini sheria hiyo haisemi kiongozi akikasirika amweke mtu ndani. Inataka awe na sababu ya kuamini mtu anahatarisha amani, aandike sababu, na mtu afikishwe mahakamani. Kuuliza mapato na matumizi si kosa. Ikikutokea, omba amri kwa maandishi, jina la aliyeitoa, na saa uliyoingia. Ukitoka nenda mahakamani.

Konda wa Zamani
Usimdanganye mwenzio. Ukiomba maandishi unaongezewa kosa la ukaidi. Ushauri wangu mimi: nyamaza, lala, toka, tafuta mwandishi wa habari.

Shangazi Singida
Na uende mkutanoni umekula umeshiba na sweta kiunoni. Nasema kweli, sakafu ya kule inaua mgongo.

Wakili wa Mtaani
Konda, tukinyamaza wote itakuwa ndiyo sheria yenyewe.

Konda wa Zamani
Wewe una leseni, mimi nilikuwa na tumbo la watoto watano.

Kada Mtiifu
Fundi pole sana, hapo sina ubishi. Lakini huyo ni mkuu wa wilaya mmoja mwenye tabia mbaya. Usiihusishe katiba nzima.

Jembe la Mkono
Ndiyo katiba yenyewe hiyo ndugu yangu! Nani alimweka pale? Nani anaweza kumtoa? Wanakijiji hawakumchagua, diwani hana kauli kwake, mbunge anamwomba miadi. Anamtazama mtu mmoja tu aliye juu. Na huyo wa juu, Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka, na ya 46 inamkinga na mashtaka. Jaji Nyalali alizitaja sheria mbovu 40 tangu 1992. Jaji Kisanga naye akaja na kamati yake 1998. Warioba 2013. Majaji watatu wazima wametumwa na nchi hii kutuuliza tunataka nini.

Kada Mtiifu
Na wananchi wanataka maji na barabara. Ukienda kijijini hakuna anayekuuliza ibara.

Fundi Pampu
Ndugu Kada, mimi niliuliza maji.

Mtoto wa Wete
Hapo pametosha.

Mswahili wa Likoni
Niruhusuni jirani yenu wa Mombasa. Sisi katiba tunayo tangu Agosti 2010, na Septemba 2017, mwezi uleule wa Fundi, mahakama yetu ya juu ilifuta uchaguzi wa rais. Siku hiyo nilikuwa kivukoni, watu wamesimama wanasikiliza redio za simu, waliomchagua na wasiomchagua wote kimya. Baadaye wakubwa wakataka kuibadilisha kwa ule mpango wao wa BBI, mahakama tatu zikawakatalia. Kwa hivyo ina faida. Lakini msije mkadhani mkishaipata mtalala. Juni 2024 vijana wetu waliuawa barabarani na katiba ikiwepo.

Konda wa Zamani
Asante jirani. Mtuazime hiyo mahakama hata kwa mwezi.

Bado Nipo
Mimi nilikuwa Ubungo Plaza Novemba 2014, mdahalo wa Jaji Warioba uliovurugwa. Nilimwona mzee yule, waziri mkuu mstaafu, akizingirwa na watu ili vijana wasimfikie. Niliona viti vinaruka. Nilirudi nyumbani Mbagala kwa miguu nusu ya njia, sikutaka kukaa na mtu kwenye daladala.

Ya 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, siwezi kuandika. Mdogo wangu alitoka kwenda dukani.

Mama Kata
Mwanangu. Tunakuombea. Mungu ampe pumziko.

Shangazi Singida
Innalillahi. Usiandike, tumekuelewa.

Jembe la Mkono
Pole sana ndugu. Sina la kusema.

Kada Mtiifu
Pole ndugu. Kwa dhati.

Sanduku la Bati
Wakuu nilikuwa shamba, nimerudi nimesoma yote. Bado Nipo, pole kaka yangu.

Mama Kata, nimefungua kitabu cha mzee baada ya kusoma habari za yule mfugaji. Baba ameandika pembeni, "Mang'ombe kasema mbunge atolewe na waliompa. KWELI," amepigia mistari miwili. Mang'ombe ndilo jina la utani walilomwita mzee mmoja wa tarafa ya jirani, mfupi, ana kofia ya pama. Ndiye huyo? Kama ndiye, basi ulikaa ukumbi mmoja na baba.

Mama Kata
Kofia ya pama ya kijivu! Ndiye! Na baba yako ni yule aliyekuwa anainua mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji?

Sanduku la Bati
Alikatwa na panga akivuna. Ndiye mama.

Mama Kata
Tulikula naye wali wa baraza siku zote tatu. Aliniachia nyama yake maana hakuwa na meno. Niandikie kando mwanangu, nataka niione hiyo kalamu ya bluu kwa macho yangu. Na nipe jina la kijiji alikozikwa.

Wakili wa Mtaani
Sanduku, nakuomba kurasa zote uzipige picha kabla mchwa hawajafika. Weka nakala sehemu mbili.

Konda wa Zamani
Tatu. Moja kwa mtu asiyejulikana.

Nyanya Chungu
Fundi Pampu bado nakusubiri. Binti?

Fundi Pampu
Alifaulu. Sasa ana miaka 22, ana duka la vipodozi mjini, ananitunza vizuri. Tangi lilikuja 2019. Mkutano wa kijiji hahudhurii hata awe amekuja likizo. Nikimwambia twende, anasema baba nenda, mimi nitakupikia uji ukirudi.