Boila ya kuni kwa nyumba na karakana: kilowati 50 zimezidi?

Randa: Wakuu, naombeni ushauri. Nyumba inapoteza joto kilowati 10 nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Karakana iko mita 30 kutoka nyumbani: mita 8 kwa 10, kimo mita 4, kuta za tofali nene la sentimita 23, paa la bati tupu. Nataka nyuzi 15 kwa saa 9 za kazi, usiku nyuzi 6 ili mabomba yasigande. Fundi anasema boila ya kilowati 50.

Kizibo: Anza na paa, mkuu. Bati tupu hupitisha takriban wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Mita za mraba 80 × 6 × nyuzi 25 = kilowati 12 zinazopaa angani. Weka sufu ya mawe (nyuzinyuzi za kuzuia joto) ya sentimita 10 uzibe na mianya, inabaki kilowati 0.8. Kuta zinakula 7 hivi, hewa inayopenya 2.6. Hitaji la karakana linashuka kutoka kilowati 22 hadi 11, na jumla pamoja na nyumba ni 21.

Randa: Kwa hiyo boila ya 21 inatosha?

Kizibo: Hapana, hapo ndipo wengi wanapokwama. Hizo 21 zinadaiwa mfululizo, na kuni hazijitii zenyewe usiku. Hesabu siku nzima ya baridi kali: nyumba 240, karakana mchana 100, usiku 105, jumla kilowati-saa 445. Ukiwasha moto saa 14, 445 ÷ 14 = 32. Chukua boila ya 35. Kwa paa lilivyo sasa hesabu hiyohiyo inatoa 46, kwa hiyo fundi wako hakukosea. Ila bati ndilo linalokuuzia boila kubwa.

Mkaa_Mweupe: Tangi la akiba ya maji moto usiliruke. Angalau lita 50 kwa kilowati, weka lita 2,000. Likishuka kutoka nyuzi 85 hadi 60 linatoa kilowati-saa 58. Kama redieta (vipasha-joto vya ukutani) ni kubwa na zinaridhika na nyuzi 40, linatoa 105. Bila tangi, siku ya baridi kidogo boila inabana hewa, moto unafukuta, na lami inaganda ndani ya bomba la moshi hadi siku inapowaka.

Maji yanayorudi yasiingie boila chini ya nyuzi 60: funga vali ya kuyachanganya na maji moto ya boila. Yakiingia baridi, unyevu wa moshi hutona kwenye chuma na kukila.

Kuni pia: pasua gogo, pima unyevu kwenye uso mpya wa ndani, si kwenye gome. Ukizidi asilimia 20, subiri. Zikiwa kavu, kilo moja ina kilowati-saa 4, boila nzuri inakupa 3.4, hivyo siku ile kali inakula kilo 130 hivi. Umepanga kuzipakia mara ngapi?

Randa: Tatu.

Mkaa_Mweupe: Basi tafuta boila yenye tanuru la kilo 45 kwenda juu, kabla hujatazama kilowati zake.