Programu ya kuhariri video inatuharibia sauti wakati wa kurenda, halafu inaandika "imekamilika"!

Wakuu, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Sisi tunaoshika kamera kwenye harusi, sendofu na kwaya hapa Mwanza tunateseka na jambo moja. Kwenye taimulaini, pale tunapopanga klipu, sauti iko safi kabisa. Ukirenda, yaani ukiituma kwenye enkoda (sehemu ya programu inayofunga picha na sauti) itoke faili la video la MP4, inarudi na mikwaruzo, inakatika katikati ya neno, au mdomo unasema lake na sauti inasema lake. Na programu inakuwekea tiki ya kijani: imekamilika. Kipi kimekamilika hapo?

Chukueni hii. Sendofu ya Nyakato, baba mzazi kasimama na maiki, kamshika binti mkono, anamtaja jina mbele ya ukoo wote. Kwenye video iliyotoka unasikia "tk!", kimya, "tk!" nyingine, na jina limemezwa lote. Kwenye taimulaini jina lipo, unaliona hata kwenye mawimbi ya sauti, halina doa. Mama wa bibi harusi akanipigia: "Mwanangu, mbona sauti ya mzee inakatika palepale anapomtaja mtoto?" Nimwambie nini yule mama? Nimweleze habari za enkoda? Kalipa hela yake, anataka kumsikia mume wake.

Ukiuliza msaada, majibu ni yaleyale miaka yote. Piga Windows upya. Ongeza RAM. Nunua mashine yenye kadi kali ya picha. Kuna vijana wamekopa kubadilisha kompyuta kwa ushauri wa namna hiyo, na mashine mpya ikatoa mkwaruzo uleule, sekunde ileile. Kadi ya picha kwa kawaida haina kazi kwenye sauti! Mnawatia watu hasara kwa kukisia.

Tuanze na kupima, maana hakuna anayepima. Toa sauti peke yake kama WAV (faili la sauti isiyobanwa), bila picha, usikilize ile sehemu mbovu. WAV ikiwa na mkwaruzo, ugonjwa uko kwenye mradi wako: faili la asili, plagini (kiprogramu cha nyongeza), au kashe ya sauti (nakala ya muda inayowekwa na programu) iliyoharibika. WAV ikiwa safi, mbaya ni enkoda au namna ulivyoitumia. Kisha renda mara ya pili bila kugusa kitu. Mkwaruzo ukibaki mahali palepale, kamata faili. Ukihamahama, sasa ndiyo uanze kushuku plagini, diski inayosuasua au memori. Kwa vipimo hivyo viwili tu unajua uelekee wapi.

Sasa vyanzo vyenyewe. Sauti ya video inakwenda kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, muziki wa CD ni 44,100. DJ anakupa flashi ina MP3 za 44,100, kamera inarekodi 48,000, na vyote vinatupwa kwenye taimulaini moja. Programu nzuri inabadilisha kimyakimya na husikii tofauti. Ikisoma vibaya, sauti ya saa nzima inaisha kwa dakika 55 na sekunde chache, na MC anaongea kwa sauti nyembamba ya mtoto. Hilo angalau unalishtukia mapema. Linalouma zaidi ni MP3 yenye bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde) inayopanda na kushuka: programu inakisia ilipo, na sauti inasogea kidogo kidogo hadi unapofika kwenye keki wimbo na watu haviendani. Geuza kila kitu kiwe WAV ya 48,000 kabla hujaanza kuhariri. Na ninyi ma-DJ na mafundi mitambo, tukiwaomba WAV kutoka kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) msituone wasumbufu.

Simu nazo. Watu wa kwaya wanakuletea klipu za simu wakitaka uzichanganye na kamera yako. Simu inaandika fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde, lakini ukifungua klipu kwenye MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, unaona fremu zinabadilikabadilika. Gizani inapunguza, kwenye mwanga inaongeza. Tofauti ya 29.97 na 30 peke yake, kwa saa moja, ni sekunde 3.6. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, kwanza, chagua fremu zisizobadilika, ndipo uiingize. Inakula muda na nafasi kwenye diski, najua, lakini hiyo ndiyo dawa.

Linaloniumiza zaidi ni hili, na silisikii likisemwa. Umeme wetu mnaujua. Video ya harusi yenye urefu wa saa tatu huwezi kuirenda kwa mkupuo mmoja, utakatiwa njiani uanze upya. Kwa hiyo wengi tunarenda vipande, kisha tunaviunganisha. Kila kiungo kinatoa "tk". Sababu ni AAC, ule mfumo wa kubana sauti uliomo kwenye karibu kila MP4. Unafunga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,024, yaani milisekunde 21 hivi kwa 48,000, wakati fremu moja ya picha kwa 25 ni milisekunde 40. Mafungu hayo hayagawanyiki sawasawa na fremu zako. Juu ya hapo enkoda inaongeza kimya kidogo mwanzoni mwa kila faili. MP4 ina sehemu ya kuiambia programu inayocheza video iruke kile kimya, lakini programu nyingi za kuunganisha hazijali, zinabandika tu. Viungo vikiwa vingi, unapata mikwaruzo mingi na sauti inayochelewa zaidi kadiri video inavyoendelea.

Usikate sauti. Renda picha vipande upendavyo, bila sauti, viunganishe bila kuvirenda upya. Sauti itoe yote mara moja kama WAV. Hiyo inachukua muda mfupi, hata betri ya laptopu inatosha. Mwisho zikutanishe kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 256k -ar 48000 harusi.mp4

Picha haiguswi, sauti inafungwa mara moja tu, viungo havipo. Kwa hali yetu ya umeme huu ndio utaratibu ambao kila anayefundisha kuhariri video angepaswa kuanza nao, badala ya kuwajaza vijana mbwembwe za maandishi yanayoruka.

Kwa wanaorekodi ngoma, hasa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kule Kisesa: usiache vilele vya sauti viguse sifuri (0 dB) kwenye mita. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, AAC inaweza kupandisha kilele kuliko kilivyokuwa kwenye WAV, na hapo inapasuka. Weka limita, plagini ya kuzuia sauti isipite kiwango, kwenye -1 dB. Iliyopasuka tangu kwenye mikisa haitengenezeki, msidanganyane.

Hasira yangu inabaki kwa waundaji. Programu ninayoilipia kila mwezi inajua klipu hii ni ya 44,100. Inajua ile nyingine fremu zake hazitulii. Inajua kashe ya sauti haikumaliza kujengwa. Taarifa zote hizo inazo, na inashindwa kuandika mstari mmoja wa onyo kabla sijabonyeza kitufe? Fonti ikikosekana inanipigia kelele dirisha zima! Sauti ya mzazi ikikatika, tiki ya kijani. Huko ni kumdharau anayelipa.

Aliyewahi kukuta mkwaruzo unaohama kila akirenda, aweke hapa jina la plagini na toleo la programu yake, tulinganishe. Na mwenye njia tofauti ya kuunganisha vipande bila kiungo kutoa "tk", aiweke na amri yake kamili. Wa "nunua mashine mpya", tafadhali pita tu.